Nundu Iliyoshitakiwa kwa Kuleta Joto

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakisemezana kwa maneno na hakuna aliyeshangaa, kulikuwa na kilima kilichoitwa Kilima cha Ukungu. Jina hilo halikutolewa bure. Ukungu ulikuwepo kweli, tena mzito, wa kumfanya ng'ombe aliamkie jiwe akidhani ni shangazi yake. Baridi yake ilikuwa ya kukunja masikio. Kwa sababu hiyo ng'ombe wa kilimani walikuwa wakubwa, wanene, wenye manyoya marefu yaliyosongamana, na walijivunia manyoya hayo kuliko walivyojivunia watoto wao.

Kisha mambo yakaharibika. Mvua za vuli hazikuja kabisa. Za masika zilikuja kuchungulia tu, zikaondoka bila kuaga. Ukungu ukahama. Jua, ambalo zamani lilipita kilimani kwa haraka na haya kidogo, sasa likaja kukaa kutwa nzima kama mwenye nyumba. Ng'ombe wakawa wanahema ndimi nje, mate yakiwachuruzika hadi magotini, na maziwa yakapungua. Mmoja wao alianguka akiwa katikati ya sentensi. Hakufa, lakini sentensi yenyewe hajaimaliza mpaka leo.

Mwenyekiti wa kundi hilo alikuwa Bi Madoa, ng'ombe mpole, mwenye akili za kutosha kwa siku za kawaida. Bahati mbaya siku hizo hazikuwa za kawaida. Rafiki yake mkubwa alikuwa Bi Singa, ambaye hakupata kupita penye dimbwi bila kujitazama, na manyoya yake yaliburura majani chini.

"Shoga yangu, jikwaruze kwenye mti manyoya yapungue," Bi Madoa alimshauri. "Unapikika humo ndani."

"Nijikwaruze? Mimi? Mama yangu alikufa na manyoya yake yote."

"Mama yako alikufa kwa joto, Singa. Mwezi uliopita."

"Ndiyo, lakini alipendeza."

Sasa kulikuwa na desturi moja kilimani ambayo lazima niieleze hapa, maana ndiyo iliyozaa vurugu zote. Hakuna ng'ombe aliyetia mdomo kwenye majani kabla umande haujakauka. Bibi zao waliwafundisha hivyo, na bibi hao hawakuwa wajinga. Enzi za baridi, majani ya alfajiri yalikuwa yameganda, na aliyeyala alivimba tumbo akalia usiku kucha. Basi ng'ombe walilala mpaka jua lipande, wakaanza kula saa nne, wakaendelea hadi saa tisa. Baridi ilikuwa imekwisha kuondoka, lakini desturi ilibaki palepale. Na tumbo la ng'ombe likishapokea majani hufanya kazi kama jiko. Kwa hiyo moto ulikuwa juu, moto mwingine ndani, na katikati amekaa Bi Singa na blanketi lake.

Aliyeipenda desturi hiyo kuliko wote alikuwa Sungura. Kila alfajiri, ng'ombe wakikoroma, yeye na ukoo wake waliteremka kwenye uwanda wa chemchemi, mahali pekee palipobaki na majani mabichi, wakala yale yaliyolowa umande mpaka matumbo yakagusa ardhi. Ikitokea ng'ombe mmoja ameamka mapema na kunyoosha shingo, Sungura hukohoa kwa huzuni na kusema, "Shangazi, huo si umande? Utumbo wako je? Una wa akiba?" Ng'ombe hurudi kulala, akishukuru. Ndiyo maana walimwita Daktari.

Siku moja akapanda kilimani fahali mgeni aliyeitwa Kidari. Alitoka mbuga za chini, ambako mto ulikuwa umekauka na kubaki jina. Alikuwa mdogo, mweupe-mweupe, manyoya yake mafupi yamelala kama amelambwa. Masikio yalimning'inia. Ngozi ya shingo ilikuwa kubwa kupita shingo yenyewe, ikayumba huku na huku alipotembea. Na juu ya mabega alikuwa na nundu.

"Hodi, wenyeji."

"Karibu, kaka," Bi Madoa akajibu. "Tua mzigo upumzike."

"Sina mzigo, dada."

"Na hicho cha mgongoni?"

"Hii ni nundu."

"Basi itue."

"Haituliki. Nimezaliwa nayo."

Bi Singa alicheka hadi akalala chini, na kwa joto lile akashindwa kuinuka. Ikabidi wanne wamsukume. Kidari akawasaidia kusukuma, kwa sababu alikuwa fahali wa tabia hiyo: hana haraka, hana kinyongo, na maneno yake huja moja baada ya jingine kama ng'ombe wanaopita mlango mwembamba.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, Kidari aliamka, akateremka chemchemini, akaanza kula majani na umande wake wote, akinyonya kwa sauti. Sungura, aliyekuwa pale na jamaa zake, akakohoa kikohozi chake cha daktari. Kidari akamwambia "pole na kifua" na kuendelea kula. Ilipofika saa tatu ameshiba, akaenda kusimama chini ya mkuyu, upepo unapopita, akawa anacheua macho yamefumba nusu. Jua lilipomfikia hata hapo, akageuka kidogo. Likasogea, akageuka tena.

Bi Madoa, ulimi nje, alimtazama hadi akashindwa kuvumilia. "Kaka Kidari, mbona unageukageuka kama mlango?"

"Dada, jua likikupiga ubavuni linakupata mzima. Likikupiga usoni linapata kichwa tu. Na kichwa changu hakina mengi ya kuharibika."

"Na kula umande? Huogopi tumbo?"

"Kwetu tunakula alfajiri na jioni. Mchana ni wa kusimama kivulini na kunyamaza. Umande ni maji, dada. Mto ukikauka, unakunywa majani."

Bi Madoa aliwaza juu ya bibi yake. Aliwaza pia juu ya yule ng'ombe wa sentensi. "Kesho nitajaribu," akasema. "Na ikinifaa nitalileta kundi zima."

Nyuma ya mkuyu, masikio mawili marefu yakasimama wima. Sungura alipiga hesabu haraka sana: ng'ombe thelathini, midomo thelathini, uwanda mmoja. Jibu alilolipata lilimkausha mate. Akaondoka mbio, moja kwa moja hadi kwa Fisi.

Fisi alikuwa pangoni kwake akitafuna mzizi na kujidanganya kuwa ni mfupa. Ulafi wake mnaujua, sina haja ya kuueleza. Niseme tu kwamba hata kivuli chake hakikulala karibu naye.

"Mjomba Fisi," Sungura akaanza, "umewahi kula nundu?"

Fisi akaacha kutafuna. "Nundu ipi?"

"Ya ng'ombe wa mbugani. Mafuta matupu. Ukiiweka mdomoni inayeyuka yenyewe, huna hata kazi ya kutafuna."

"Usiendelee, mwanangu, nitaanguka."

"Itakuwa yako, mjomba. Nitamwambia Mfalme Simba kwamba joto hili limeletwa na Kidari, amelificha kwenye nundu. Wewe utakuwa shahidi. Nikikwambia gusa, unagusa, halafu unapiga kelele kwamba umeungua."

"Halafu nakula?"

"Halafu Mfalme anahukumu."

"Halafu nakula?"

"Ndiyo, mjomba. Halafu unakula."

Jioni hiyo Fisi alifanya mazoezi ya kuungua. Alilia "Ayayaya!" na "Mama nakufa!" na nyingine aliyoitunga mwenyewe, ndefu, yenye kuruka mara mbili. Majirani wakalalamika, lakini yeye aliona anaendelea vizuri.

Asubuhi Sungura hakwenda kula. Ndivyo mnavyojua kwamba jambo lilikuwa kubwa. Kabla Bi Madoa hajafungua macho vizuri, Sungura alikuwa amekwisha kupanda juu ya kichuguu na kulikusanya kundi.

"Ndugu zangu, wagonjwa wangu! Nimeutafuta ugonjwa, nimeupata. Mwulizeni mgeni wenu amebeba nini mgongoni."

"Nundu," wakajibu.

"Ndani yake mna nini?"

Hakuna aliyewahi kuingia.

"Joto!" Sungura akapaza sauti. "Mbugani kwao limewaunguza, akalikamata, akalifunga, akaja nalo hapa! Mmepata kuona mzigo usioshuka? Unashukaje wakati ni moto? Atashika wapi?"

"Nilisema mimi!" Bi Singa akarukia. "Nilisema! Siku ya kwanza tu nilipomwona nilizidiwa, mkanisukuma wanne!"

Bi Madoa akajaribu. "Lakini Daktari, joto lina miezi mingi hapa. Kidari amekuja juzi."

"Shangazi, wewe ukisafiri, harufu ya jasho lako haitangulii? Basi joto limetangulia, mwenyewe amefuata nyuma."

Lilikuwa jibu la kipuuzi, na mimi nikilikumbuka hasira hunipanda mpaka leo. Lakini ng'ombe wale walikuwa wamepikwa kwa miezi mingi, na aliyepikwa hivyo hapendi kuambiwa abadilishe saa ya kula. Anapenda kuonyeshwa wa kumlaumu. Wakamzunguka Kidari, pembe mbele, wakampeleka kwa Mfalme. Bi Madoa alifuata nyuma akiona aibu, na aibu yake haikumsaidia Kidari chochote.

Simba alikuwa juu ya mwamba wake, kichwa juu, manyoya ya shingoni yamemwangukia pande zote kama magunia. Alikuwa akihema, lakini alihema kwa heshima, mdomo ukifunguka kidogo pembeni tu.

"Mtukufu," Sungura akainama, "tumeleta shauri la joto."

"Joto?" Simba akashangaa. "Joto gani? Mimi sijaona joto."

"Bila shaka, Mtukufu. Linawasumbua raia wa kawaida tu."

"Ah. Raia. Endelea."

Sungura akaeleza yote, kwa ustadi, akilia kidogo mahali panapostahili. Mwisho akatoa kipimo. "Tumsimamishe juani kuanzia saa sita hadi saa tisa, Mtukufu. Asipoteseka, basi joto ni lake, kwa maana joto halimuunguzi mwenyewe."

"Na nikiteseka?" Kidari akauliza.

"Basi limekuponyoka likakuunguza. Ushahidi kamili."

Bi Madoa akakunja uso. "Sasa atashindaje?"

"Shangazi, hili ni shauri. Si mashindano."

Simba alilipenda neno hilo. "Naamuru," akanguruma. "Akionekana ndiye mwenye joto, apewe Fisi leo leo." Fisi, nyuma ya jiwe, akajilamba hadi puani. "Na ili raia waone kwamba hapa hakuna uonevu, tutasimama wote juani. Hata mimi. Mimi hasa."

"Mtukufu, sisi wadogo labda tungekaa pale kivulini tukiandaa..." Sungura akaanza.

"Wote."

Wakasimama. Mwamba ule ulikuwa mweupe na ulirudisha jua juu kama haukulitaka. Saa saba ng'ombe watano wakapiga magoti. Saa nane Bi Singa akalala chali, miguu juu, akasema anaomba azikwe ubavu wa kulia ukiwa juu maana ndio mzuri zaidi. Simba alijikaza kisabuni. Macho yalimtoka machozi, ulimi ulitaka kumtoka nje akaurudisha ndani, na mtu akimtazama anajifanya anapiga miayo. Fisi peke yake alikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa akitazama nundu.

Kidari alisimama. Moyoni aliogopa, msidhani hakuogopa. Alijua kwamba akianguka ataliwa na asipoanguka ataliwa. Lakini mwili wake haukuwa na habari za shauri. Ulifanya kazi yake kama kila siku: ukageuka jua lilipogeuka, ukatoa jasho jembamba chini ya yale manyoya mafupi, na ngozi ya shingo ikayumba kila upepo ulipopita. Ilipofika saa tisa alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyesimama foleni.

"Mwoneni!" Sungura akapiga kelele. "Wenyeji wa kilimani wako chini, yeye yuko juu! Joto halimuunguzi mwenyewe! Sasa shahidi aje aguse nundu, na Mtukufu asikie kwa masikio yake."

Fisi akaja mbio. Akanyoosha mkono. Harufu ikamfikia, na mkono ukasahau kazi yake. Akasogeza pua, kisha ulimi, akailamba nundu ile kutoka chini hadi juu, polepole, macho yamefumba.

Kila mtu akangoja.

"Tamu," Fisi akasema.

"Shahidi!" Sungura akamkonyeza kwa macho yote mawili. "Umeungua?"

"Hapana. Ya uvuguvugu. Chumvi tu kidogo."

Hata ng'ombe waliokuwa chini walicheka. Fisi akagutuka, akakumbuka, akalia "Ayayaya!" na kuruka mara mbili, lakini alikuwa amechelewa na kila mtu aliona.

"Nani atagusa bila kulamba?" Simba akauliza kwa ukali. Alitaka shauri liishe kabla hajaanguka.

Bi Madoa akatoka mbele. Hakutaka kuona aibu mara ya pili. Akaweka pua yake juu ya nundu na kuiacha hapo. "Mtukufu, ni ya kawaida. Pua yangu ina moto kuliko hii."

"Limezama!" Sungura akasema haraka. "Joto linajua linatafutwa, limezama ndani. Hii ni elimu, Mtukufu! Joto hupenda kiungo kinachochomoza mwilini. Hilo kila daktari analijua!"

Hapo Kidari akafungua mdomo, kwa mara ya pili tangu shauri lianze.

"Mtukufu, mimi sikusoma, sipingi elimu ya Daktari. Amesema kiungo kinachochomoza. Basi naomba vipimwe vyote vinavyochomoza hapa, vya kila mmoja. Kama nundu yangu ndiyo yenye moto kupita vyote, niliwe."

"Haki," Simba akasema. "Pimeni. Upesi."

Bi Madoa akazunguka na pua yake. Pembe za ng'ombe: uvuguvugu. Mkia wa Fisi: alikaribia, akanusa, akatangaza kwamba huo utaachwa kwa sababu za kiafya. Pua ya Mfalme aliiruka, na Mfalme akajitia hamnazo. Kisha akafika mbele ya Sungura.

"Daktari, lete masikio."

"Haya? Haya ni ya kusikilizia tu, shangazi."

"Yamechomoza."

"Kidogo."

"Yamekupita wewe mwenyewe kwa urefu. Lete."

Sungura akarudi nyuma, akagonga miguu ya Bi Singa iliyokuwa juu. Bi Madoa akashusha pua kwenye sikio la kulia, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama yangu! Yanachoma!"

"Yanachoma?" Simba akasimama.

"Kikaango, Mtukufu! Na mishipa imevimba, myekundu!"

Bi Singa, akiwa chali, akanyoosha mdomo na kugusa sikio la kushoto, akapiga ukelele mzuri kuliko wote aliofanya Fisi. Wakaja mmoja mmoja, wakagusa, wakaruka. Ndipo walipotambua jambo ambalo hakuna aliyeliangalia kwa sababu ya udogo wa mwenyewe: saa tatu nzima juani, na Sungura hakutweta hata mara moja.

"Joto limepatikana," Simba akatangaza. "Hakuteseka, na kiungo chake kinachochomoza kina moto kupita vyote. Kipimo ni chake mwenyewe. Fisi, chukua."

Fisi hakuuliza swali. Akamkamata Sungura kwa ngozi ya mgongo, akamwinua.

"Mjomba! Ni mimi!"

"Najua ni wewe," Fisi akasema kwa upole. "Nimeahidiwa kula leo, sikuahidiwa kuchagua. Tena wewe umenona. Mambo ya kula chemchemini kila alfajiri hayo."

Bi Madoa akageuza kichwa. "Anakula nini kila alfajiri?"

"Majani ya umande," Fisi akajibu, akishangaa kwamba mtu anauliza habari za majani wakati kama huo. Kisha akafungua mdomo.

"Ngojeni!" Sungura akapiga kelele, akitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Masikio yangu hayaleti joto! Yanalitoa!"

Simba akainua mkono. Fisi akabaki mdomo wazi, mate yakimdondokea Sungura kichwani.

"Yanalitoaje?" Bi Madoa akauliza.

Sungura akasita. Fisi akausogeza mdomo karibu.

"Damu inapanda! Inapanda kwenye masikio na moto wake, upepo unaupokea, damu inarudi imepoa! Ndiyo maana yanachoma, moto uko njiani kutoka!"

"Na ngozi ya Kidari inayoning'inia?"

Mdomo wa Fisi ukasogea.

"Vilevile! Ni ngozi nyingi ya kupigwa upepo!"

"Na nundu?"

"Ni mafuta tu! Ameyaweka mahali pamoja mgongoni, mwili uliobaki upumue! Nyinyi yenu mmeyavaa mwili mzima, na manyoya juu yake!"

Bi Singa akajitazama, kisha akatazama kando.

Bi Madoa alikuwa amebakiza swali moja, na sauti yake ilishuka alipoliuliza. "Na umande?"

Sungura akafumba macho. "Unafaa," akasema. "Umefaa tangu baridi ilipoondoka. Jani la alfajiri lina maji, na ukila mapema tumbo lako linamaliza kupika kabla jua halijapanda. Ukila mchana unaongeza kuni."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na mama yake Singa alipokuwa anahema pale kichakani, ukamwambia asubiri umande ukauke."

Sungura hakujibu, na safari hii hata Fisi hakumsogezea mdomo. Bi Singa, ambaye alikuwa bado chali, alilia, na hakujali kama kulia kunamharibu sura.

"Kwa hiyo," Simba akasema taratibu, "hakuna aliyeleta joto?"

"Hakuna, Mtukufu," Kidari akajibu. "Limetujia sote. Kwetu lilianza mapema, ndiyo maana tumelizoea kidogo."

"Na, kwa mfano tu, mtu mwenye manyoya mengi shingoni?"

"Yanampika, Mtukufu."

Simba akatafakari. "Mimi sijaona joto," akasema, "ila nakwenda kukagua kivuli. Hukumu ilikuwa kwamba aliyeleta joto apewe Fisi. Hakuna aliyeleta. Fisi, funga mdomo." Akateremka mwambani kwa mwendo wa kifalme hadi alipofika nyuma ya jiwe, kisha wakasikia mtu akikimbia.

Fisi alimweka Sungura chini kama mama anayeweka mtoto wa watu. Alilia kwa kwikwi. Akamwomba Kidari walau alambe tena mara moja, ya kuagia, Kidari akakataa kwa adabu.

Alfajiri iliyofuata, ng'ombe thelathini na Kidari wao waliteremka chemchemini nyota zikiwa bado juu. Wengine waliutazama umande kwa hofu, wakamkumbuka bibi, wakamwomba radhi, wakala. Saa tatu walikuwa chini ya mkuyu, wameshiba, wote wamegeukia upande mmoja. Bi Singa alikaa siku nne bila kusema na mtu, kisha akaenda kwenye gome la mkuyu akajikwaruza kutwa, na akarudi mwembamba kiasi kwamba ilibidi ajitambulishe. Mwaka uliofuata alizaa ndama wa Kidari, mwenye manyoya mafupi na kinundu kidogo kama ngumi, na ole wake atakayemwambia kwamba yuko mtoto mzuri kuliko huyo.

Lakini mimi nataka kumalizia na Sungura. Alfajiri ile ile na yeye alifika uwandani na ukoo wake, akakuta ng'ombe wamemaliza. Palikuwa na visiki vya majani na matope ya kwato. Watoto wakaanza kulia njaa. Mkewe akatazama uwanda, akatazama mlima wa vinyesi vipya, akamgeukia mumewe.

"Nani amewaambia habari za alfajiri?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Walinibana, mke wangu."

"Ukawaambia kidogo?"

"Niliwaambia yote. Hata ya masikio."

Mkewe aliwakusanya watoto, akawapeleka upande wa pili wa kilima, kwenye majani makavu ya rangi ya ufagio, na tangu siku hiyo ukoo ule hula humo. Sungura huenda nyuma yao, masikio ameyalaza mgongoni. Kipimo alichomtengenezea mwenzake kilikuwa kizuri sana, alikosea tu kutoanza kujipima yeye. Basi nimeiweka chini hadithi yangu, na anayeitaka aiokote.